Risasi za Dirishani

Watu wa Stockholm wana ugonjwa wa rangi nyeupe. Ukuta mweupe, dari nyeupe, mlango mweupe, na kochi la kijivu kwa wale waliothubutu. Miaka mingi nimekuwa nikiingia katika nyumba zao, na kila mara najiona kama mgonjwa anayekwenda kulazwa. Kwa hiyo siku tulipokwenda Spånga kuangalia ghorofa ya juu ya nyumba moja kuukuu ya mbao, iliyogawanywa kwa familia tatu, nilikwenda nikiwa nimeshakata tamaa. Nikapanda ngazi, nikageuka kwenye kona, nikasimama.

Palikuwa na dirisha. Maua matatu mekundu, majani ya kijani, mpaka wa rangi ya asali pande zote, na juu kipande cha anga la buluu na ndege asiye na kichwa. Kichwa kilivunjika zamani, mtu akaziba kwa kioo cha kawaida. Jua lilikuwa linapita humo ndani, na ngazi zote zilionekana kama zimetandikwa kanga.

"Tunanunua," nikamwambia mume wangu.

"Hatujaona jiko," akasema.

"Jiko ni jiko."

Yule dalali, kijana wa viatu vyeupe, akatueleza kwamba miaka mia na zaidi iliyopita watu wa mjini walipenda sana madirisha ya namna hii kwenye ngazi zao. Mwanga unaingia, macho ya majirani hayaingii. Kumbe mababu zao walikuwa watu kama sisi, wenye kupenda rangi na kuogopa kuchunguliwa! Sijui nini kiliwapata hapo katikati. Nilitaka kumuuliza, ila mume wangu alinikanyaga mguu.

Sasa hapa lazima niseme jambo lililokuwa likinila moyo, maana bila hilo hadithi hii ni ya dirisha tu. Nina mtoto mmoja, wa kike, wakati huo alikuwa na miaka minane. Mimi ni mtu wa Tanga. Sisi wa Tanga, Mungu atusamehe, tunaamini kwamba Kiswahili tulikabidhiwa mkononi na wengine wote wamekiokota njiani. Na mtoto wangu, damu yangu, hakuwa ananijibu kwa Kiswahili. Anaelewa kila neno, lakini jibu linatoka kwa Kiswidi.

"Mwanangu, umekula?"

"Ja."

"Umekula nini?"

"Mat."

Yaani chakula. Amekula chakula. Nilikuwa sitaki makubwa. Sikutaka atunge mashairi. Nilitaka sentensi moja, yenye kichwa na miguu, itoke kwenye kinywa chake. Mume wangu yeye hakuona tatizo. Ni Muganda aliyekulia Hagsätra, kusini mwa jiji hili, anaendesha treni za abiria, na anaongea Kiswidi hata akiota ndoto.

Nikisema ukweli wote, kosa lilikuwa langu mwenyewe. Alipokuwa na miaka mitatu aliniambia, "Mama, viatu yangu imepotea." Jamani, nilicheka! Nilicheka mpaka machozi, nikampigia dada yangu simu Tanga, nikamwambia mtoto arudie asikie shangazi, sijui mama mkubwa, nilishachanganyikiwa kwa kicheko. Halafu nikamsahihisha: si yangu, ni vyangu, si imepotea, ni vimepotea. Viatu vikapatikana. Safari iliyofuata vilipopotea, akasema kwa Kiswidi. Wakati ule sikuyaunganisha mambo hayo mawili.

Upande wa pili alikuwepo baba mkwe. Huyu ni mzee wa heshima zake, anavaa shati jeupe lililopigwa pasi hata akienda kununua maziwa. Aliikimbia nchi yake ujanani na hajawahi kurudi kuishi. Anaongea Kiganda, Kiingereza, na Kiswidi cha kwake mwenyewe. Kiswahili, hapana. Kwao wakati ule Kiswahili kilikuwa lugha ya wenye bunduki, lugha ya vizuizi vya barabarani. Siku ya kwanza nilipoletwa kwake, aliniambia kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, "Binti yangu, lugha yako najua ni nzuri, ila mimi nilifundishwa na walimu wabaya." Tangu hapo tukaelewana. Mimi namwita Baba, yeye ananiita binti, na Kiswahili tunakiacha nje na viatu.

Lakini mtoto alimchokoza. Anamwita Jajja, kama Waganda wanavyomwita babu. Siku moja akamuuliza, "Jajja, wewe unajua Kiswahili gani?" Mzee akahesabu kwenye vidole. Simama. Lala chini. Kitambulisho. Risasi. Na kila neno akalitafsiri kwa Kiswidi chake, na la mwisho akalionyesha kwa kidole, paa! Mtoto akafurahi sana. Hivyo ndivyo mwanangu alivyopata maneno manne ya Kiswahili yenye maana kamili, kutoka kwa mtu aliyeapa kutoyatamka. Mimi mwalimu mwenyewe nipo jikoni nasonga ugali.

Turudi kwenye dirisha. Tulipokaa mwaka mmoja nikaona limeanza kuvimba. Dirisha la namna hii si kioo kimoja kilichopakwa rangi. Ni vipande vingi, kila kipande na rangi yake, vimeungwa kwa kanda nyembamba za madini ya risasi zenye mfereji huku na huku, kioo kinakaa ndani ya mfereji. Hizo kanda ndizo ile mistari myeusi unayoiona. Zikizeeka zinalegea, na dirisha linatoa kitambi. La kwetu lilikuwa na kitambi cha mtu mwenye cheo.

Familia zote tatu tukaitisha kikao kwenye chumba cha kufulia. Jirani wa chini akapendekeza tuling'oe, tuweke dirisha la kisasa, kioo kitupu cha tabaka tatu. "Litakuwa jepesi na jeupe," akasema, na uso wake ukang'aa.

Nikashikwa na hasira. Mimi niliyekulia nyumba ya nondo na wavu wa mbu, nikajikuta nimesimama katikati ya mashine za kufulia nawatetea Waswidi dhidi ya Waswidi. "Hilo dirisha ni la bibi zenu!" nikawaambia. "Nitalitengeneza mwenyewe!"

Kimya. Waswidi wana kimya chao cha adabu, kinamaanisha umepandisha sauti. Ila nilikuwa sibahatishi. Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia, nakaa maabara huko Sundbyberg mchana kutwa na vitu vidogo na moto mdogo. Mtu anayeweza kutengeneza jino likakaa kinywani mwa mzee mgomvi atashindwa na ua?

Nikajiandikisha kozi ya Jumamosi. Mwalimu alikuwa mama mmoja mstaafu, vidole vyake kama koleo, maneno machache. Alinifundisha kulilaza dirisha, kuweka karatasi juu yake na kusugua kwa mkaa mpaka mistari yote ijichore, ili ujue kila kipande kinarudi wapi. Halafu unafungua kanda za zamani kwa koleo, polepole, unatoa vioo, unaviosha, unavivalisha kanda mpya, unalehemu kwenye viungo. Na alinionya kama mara sitini: hii risasi ni sumu. Vaa glovu. Usile hapo. Nawa mikono. Mtoto asiguse.

Nyumbani meza kubwa ilikuwa moja tu, ya jikoni. Nikaitandika plastiki, nikawahamishia watu wangu sebuleni, wakala na sahani magotini. Na huyo mtoto, ambaye kwa kawaida ukimwita anakwambia subiri, akaja mwenyewe. Akavuta kiti, akakaa mbali kidogo kama nilivyomwamuru, mikono chini ya mapaja.

Nikaona hapa ndipo penyewe. Nikaanza kumtajia vitu. Hiki kioo. Hili koleo. Huu mkaa. Hii ndiyo risasi, mama, hii nyeusi. Risasi ndiyo inashika, inashika vioo visianguke. Lakini usiguse, ni mbaya, inaua taratibu. Ndiyo maana mama navaa glovu. Kila jioni baada ya shule, wiki tatu nzima. Yeye anasikiliza, macho hayabanduki. Mara moja alichukua kipande kilichokwisha kuoshwa, cha ua, akakiinua dirishani, akasema peke yake, kwa sauti ndogo, "Nyekundu."

Moyo ukaruka. Na mdomo huu, mwe, mdomo huu!

"Chekundu," nikasema. "Kioo chekundu."

Akakirudisha mezani. Hakusema tena.

Jumatatu moja shuleni kwao wakakaa kwenye duara, kila mtoto aeleze nyumbani kwao wanafanya nini siku hizi. Huyu ana paka, yule amenunuliwa skii. Zamu ya wangu ikafika. Naye akili yake ilikuwa inafanya kazi sawasawa: mama anasema risasi, na Jajja ameshamtafsiria risasi ni nini. Akasema kwa Kiswidi kizuri, "Mama anatoa kulor dirishani kwetu."

Sasa, kulor kwa Kiswidi ni gololi za kuchezea, na pia ni risasi za bunduki. Mwalimu akatabasamu, akadhani gololi. Akauliza, kulor za namna gani? "Zile za kupigia watu," mtoto akasema. Na kwa kuwa anapenda kueleza jambo likaeleweka, akaongeza: zipo nyingi. Mama anazitoa kwa koleo. Anavaa glovu. Amesema mimi nisiguse kwa sababu zinaua.

Mwalimu akafanya alichotakiwa kufanya. Simlaumu. Ningekuwa mimi ningekimbia.

Kila Mwafrika mwenye mtoto hapa mjini anaijua hadithi ya mtu fulani aliyechukuliwa watoto wake na serikali. Ukiuliza ni nani, ni jirani wa binamu wa mtu anayekaa Rissne. Hakuna aliyemwona kwa macho. Nilikuwa nawacheka wanaoisimulia. Simu ilipolia kazini, na sauti ya upole ikaniambia ni watu wa ustawi wa jamii, wangependa kututembelea kuhusu hali ya usalama wa mtoto, sikucheka. Nilikuwa nimeshika taya ya mtu mkononi, ya plasta, nikaiangusha.

Wakaja Jumanne saa tisa alasiri, wanawake wawili, mmoja mtu mzima na mmoja kijana. Mume wangu alikuwa njiani na treni yake. Unajua nilifanya nini kabla hawajafika? Nilitoa mito yote ya kanga, nikakunja mkeka, nikaficha picha ya msikiti wa kwetu, nikafanya nyumba yangu nyeupe kabisa. Nilipomaliza nikaitazama na nikajichukia.

Nikawatengea chai ya maziwa, yenye iliki. Wakakataa wote wawili, wakasema asante wana maji yao. Hapo nikajua mambo mazito.

Halafu yule mtu mzima akatoa simu, akaiweka mezani. Wameagiza mkalimani wa Kiswahili. Nikamwambia kwa Kiswidi kwamba niko hapa miaka kumi na minane na sihitaji mkalimani. Akanijibu kwamba ameelewa, lakini ni kwa ajili ya haki yangu, ili kusiwe na kutoelewana kokote.

Ningeweza kukataa. Watu wameniuliza mara nyingi, wa kwanza wao mume wangu, kwa nini hukukataa? Nitasema. Mtoto alikuwa chumbani, mlango wazi kidogo. Nikafikiri: leo serikali nzima imekuja jikoni kwangu, imekaa kimya, inasubiri Kiswahili. Acha asikie. Acha asikie kwamba lugha ya mama yake si ya kuulizia chakula tu. Nikanyoosha mgongo, nikachagua Kiswahili changu cha Ijumaa.

Simu ikaitika. Alikuwa mwanamume, Mkongo, sauti ya ukarimu. "Mama, jambo. Minakusikia bien. Banauliza ile masasi iko fasi gani."

Alikuwa anauliza ziko wapi. Mimi nikasikia jambo moja tu.

"Si masasi, kaka," nikasema. "Risasi."

"Aa, ni ile ile, Mama."

"Si ile ile. Risasi. Ri-sa-si."

Akawageukia kwa Kiswidi, mkalimani mwaminifu: "Mama anathibitisha. Ni kulor."

Yule kijana akaandika. Nikaendelea, kwa ufasaha ambao marehemu mwalimu wangu wa darasa la sita angelia kwa furaha. Nikaeleza kwamba risasi zote nilizitoa dirishani mwenyewe, moja baada ya moja, kwa mikono yangu. Kwamba zilikuwa za zamani sana, zimelegea, hazina nguvu tena. Kwamba nimezihifadhi kwenye boksi chini ya sinki, mbali na mtoto, na kwamba Jumamosi ninatarajia kupata nyingine mpya.

Nikamsikia akitafsiri, neno kwa neno, hakuacha kitu. Kulor zile, kulor hizi, kulor chini ya sinki. Yule mtu mzima alikuwa anatazama mlango wa kabati chini ya sinki. Yule kijana kalamu yake ilisimama.

"Bly!" nikapiga kelele kwa Kiswidi, nikainuka. "Bly! Bly! Ni madini, siyo za bunduki! Ni dirisha!"

Nikafungua kabati, nikavuta boksi, nikawaonyesha kanda kuukuu zilizojikunja kama maganda ya viazi. Nikawaonyesha vioo, karatasi ya mkaa, maua matatu. Nikaeleza kwamba kwa Kiswahili vile vya kupigia na madini yenyewe vina jina moja, kwa sababu zamani vya kupigia vilitengenezwa kwa madini hayo. Mkalimani kwenye simu akacheka kwa sauti, akasema, "Eh, Mama, wewe ungesema tu dirisha!" Yule kijana naye akacheka. Yule mtu mzima akatoa pumzi ndefu, akaivuta chai, akanywa. Nikakaa chini. Nikamshukuru Mungu.

Akanywa funda la pili. Akaweka kikombe.

"Bly?" akasema. "Jikoni? Na mtoto?"

We acha tu. Risasi za bunduki zilikuwa zimeshasamehewa, sasa ikaja zamu ya risasi yenyewe. Glovu zikaulizwa upya. Plastiki ikapimwa kwa macho. Kwa namna fulani nilikuwa nimetulia zaidi nilipodhaniwa jambazi. Ikaamuliwa mtoto apimwe damu, na kazi ihamie chini, kwenye chumba cha kufulia. Wakiwa wanaondoka, yule mtu mzima aliniambia kwamba nina dirisha zuri sana, na kwamba labda, ili kuepuka mambo kama haya, tungekuwa tunaongea zaidi Kiswidi nyumbani. Alisema kwa nia njema, na nikamsindikiza mpaka mlangoni.

Damu ilikuwa safi. Waliniandikia baada ya wiki. Faili likafungwa. Nikarudisha mito yangu na mkeka na picha.

Lakini mtoto hakurudi mezani. Nilimwita, "Njoo uone, naanza na ndege leo," akatikisa kichwa. Nikamfuata chumbani. Alikuwa ameketi sakafuni anaunganisha vitu vyake, hakuniangalia. Akaniambia kwa Kiswidi kwamba hataki kujua maneno yangu tena. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nikiyatoa nje yanakuwa makosa. Na nikiyasema humu ndani pia yanakuwa makosa."

Nilisimama pale mlangoni na koleo mkononi. Nilitaka kulia na nikalia, lakini baadaye, kwenye chumba cha kufulia, nikiwa na mashine ya jirani inazunguka.

Baba mkwe aliposikia habari yote alikuja kututazama. Hakufurahia, si mtu wa kufurahia balaa la mwenzake. Alikaa sebuleni na shati lake jeupe, akasema kwa Kiingereza, "Binti, nilikwambia. Katika lugha ile, ukichimba, mwisho utakuta risasi." Nilikuwa na majibu kumi. Sikutoa hata moja, maana kwa mara ya kwanza nilihofu huenda amesema kweli.

Nikamalizia kazi peke yangu, kimya. Niligundua kwamba bila kutaja majina ya vitu kazi inakwenda haraka. Ndege nilimpa kichwa kipya, cha buluu nzito. Hakikufanana vizuri na mwili, ila ni kichwa. Mwalimu wa kozi akaja kunisaidia kupandisha dirisha mahali pake, akaligonga hapa na pale kwa kifundo cha kidole, akasema limekaa. Kwa Mswidi hiyo ni ngoma na vigelegele.

Jumapili iliyofuata tukamwita mzee aje tule wali. Kutoka Hagsätra mpaka kwetu ni safari, ukashuke huku ukapande kule, naye hakubali kuchukuliwa na gari. Ilikuwa mwezi wa tatu, theluji inayeyuka, jua limetoka kwa nguvu kama lilikuwa linadaiwa siku zote hizo. Mtoto alikuwa amekaa kwenye ngazi anahangaika na kamba za viatu. Mimi niko mlangoni juu, mwiko mkononi, namsubiri mzee apande.

Akapanda taratibu, akafika kwenye kona, chini ya dirisha, akasimama kupumua. Na jua likamwangushia ua moja kifuani.

Lilikuwa jekundu sana juu ya lile shati. Niliona macho yake yanashuka polepole. Akaweka kiganja kifuani, akakiondoa, akakitazama, na kiganja nacho kilikuwa chekundu. Mkono wake mwingine ukatafuta mbao ya ngazi, ukaishika. Akasema neno moja, chini chini, kwa lugha aliyoapa kutoisema.

"Risasi."

Mume wangu mpaka leo anasema baba alikuwa anatania. Labda. Mume wangu alikuwa ndani anatafuta sahani. Mimi niliuona ule mkono ulivyoishika mbao.

Mtoto akainuka, kiatu kimoja hakijafungwa. Akashuka ngazi mbili, akamwekea babu yake kiganja kifuani, na ule wekundu ukapanda juu ya mkono wake yeye. Akaugeuza mkono huku na huku, babu aone.

"Hapana, Jajja," akasema. "Hii kioo tu. Risasi ni ile nyeusi." Akanyoosha kidole juu, kwenye mistari. "Risasi anashika. Anashika kioo, kioo haianguki."

Mzee akatazama juu. Akatazama muda mrefu, mstari kwa mstari, uso wote una rangi.

"Anashika?" akauliza, kwa Kiswahili.

"Anashika," mtoto akasema.

Makosa matatu. Niliyahesabu, siwezi kujizuia, ndivyo nilivyozaliwa: hii, anashika, haianguki. Yote matatu yalikuwa yamefika kwenye ncha ya ulimi wangu, tayari, yamesahihishwa. Mtoto akainua macho akaniona nimesimama pale juu, akanyamaza, akasubiri.

Nikayameza.

"Karibuni chakula," nikasema.